Kioo cha zamani: kigeuze kwanza, ndipo ulipe

Swali: Jambo. Ninaishi Muhumba, hapa Bukavu. Kuna mtu anayetaka kuniuzia kioo cha ukutani cha sentimita 90 kwa 120. Fremu yake ni ya rangi ya dhahabu na ina maua, lakini upande wa chini kioo kina madoa meusi. Anasema kimetoka katika nyumba ya Wabelgiji na umri wake ni miaka 150. Mume wangu anaona tukinunue, fundi akipake fedha upya, kisha tukitundike bafuni. Mimi ningependa kikae saloni. Nitajuaje kama ni cha kweli, je, kipakwe upya, na kitundikwe vipi?

Jibu: Jambo mama. Nianze na ile miaka 150, kwa kuwa ndiyo inayopandisha bei. Nyumba nyingi za Wabelgiji zilizobaki Bukavu zilijengwa kati ya miaka ya 1930 na 1950, mji ulipokuwa bado unaitwa Costermansville. Kioo kilichonunuliwa kwa ajili ya nyumba hizo kwa kawaida ni cha miaka hiyohiyo: kina pembe zilizokatwa kwa ngazi au umbo la duara, kimeshikwa na vibanio vya kromu juu ya ubao, na pengine kina rangi ya waridi hafifu. Fremu ya dhahabu yenye maua inaweza kuwa ya zamani zaidi na ikaletwa na mwenye nyumba kutoka Ulaya. Lakini maua kama hayo yaliendelea kutengenezwa karne yote ya 20, na yanatengenezwa hata leo, kwa hiyo maneno ya muuzaji peke yake hayatoshi. Mwombe akitoe ukutani na kukigeuza. Akikataa, acha.

Nyuma ndiko ukweli uliko. Ubao wa nyuma wa kioo cha karne ya 19 ni vipande vya mbao nzima, na rangi yake imekolea bila mpangilio: kingo zilizopigwa na hewa ni nyeusi zaidi, na sehemu zilizofunikwa zimebaki nyeupe-nyeupe. Ukikuta rangi ya kahawia inayolingana kila mahali, shuku kwamba imepakwa. Ukikuta tripleksi (ubao wa tabaka nyembamba zilizogundishwa), ubao huo ni wa karne ya 20 au umebadilishwa. Tazama na skrubu. Zile zenye kichwa cha msalaba zilisajiliwa na Henry Phillips huko Marekani mwaka 1936, hivyo haziwezi kuwa za fremu ya miaka 150. Kama ni moja au mbili, huenda ni za matengenezo tu. Kama fremu nzima imeshikwa nazo, mazungumzo ya umri yameisha.

Kisha mwombe afungue ubao huo mtazame mgongo wa kioo chenyewe. Hadi karne ya 19 vioo vilitengenezwa kwa madini ya bati yaliyochanganywa na zebaki. Mgongo wake ni wa kijivu cha metali, haujapakwa rangi yoyote, na ukimulikwa unametameta kama chembe za chumvi. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alionyesha jinsi ya kutandaza fedha halisi juu ya kioo kwa dawa, na njia hiyo ikaiondoa zebaki taratibu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kioo cha fedha lazima kiwe na rangi ya kinga mgongoni. Vya zamani mara nyingi vina rangi nyekundu-kahawia, na vya siku hizi vina kijivu, kijani au buluu iliyolala sawasawa kabisa. Ukiona mgongo wa kijivu laini, usio na mkwaruzo, ndani ya fremu iliyochakaa, kioo kimebadilishwa. Hapo unanunua fremu, na bei iwe ya fremu.

Ukikuta ni cha zebaki, usikikwangue, usikipashe moto, na usikigeuze juu chini, maana zebaki huteremka polepole na kukusanyika ukingo wa chini. Ukiona vitone vinavyong'aa na kubiringika ndani ya fremu, usivifagie wala kuvigusa. Kioo cha namna hiyo hakifai chumba cha watoto, na kwa nyumba yenye watoto wadogo mimi ningeshauri kisiingie kabisa.

Kwa upande wa mbele kuna vipimo vitatu ambavyo hauhitaji kifaa kuvifanya. Cha kwanza, gusisha ncha ya kalamu kwenye kioo na upime nafasi kati ya ncha na taswira yake. Nafasi hiyo ni takriban unene wa kioo mara 1.3: kioo cha milimita 3 kitaonyesha milimita 4, cha milimita 6 kitaonyesha 8. Rudia kwenye pembe zote nne. Kioo kilichosuguliwa kwa njia za zamani huweza kutofautiana unene kutoka pembe hadi pembe, cha kiwandani cha leo hakitofautiani. Cha pili, simama kando, tazama taswira ya ukingo wa mlango, na usogeze kichwa taratibu. Mstari ukitetemeka kama maji, huenda kioo kimevutwa kwa mashine za mtindo wa Mbelgiji Émile Fourcault, zilizoanza kazi viwandani mwanzoni mwa karne ya 20. Mstari ukinyooka, bado hujathibitisha kwamba ni kipya. Kioo kilichoyeyushwa na kuelea juu ya bati, njia ya Pilkington ya Uingereza iliyotangazwa mwaka 1959, kimenyooka, lakini hata vioo vizito vilivyosuguliwa pande zote mbili kabla ya hapo vilinyooka. Cha tatu, bandika karatasi nyeupe kwenye kioo na ulinganishe na taswira yake. Kioo cha kawaida cha leo huipa rangi ya kijani, cha zamani mara nyingi huipa kijivu au njano ya moshi.

Kama kingo zimechongwa mshazari, pitisha kidole. Mchongo wa mkono wa zamani ni mpana na umelala sana, hata kidole hakihisi vizuri unapoanzia. Wa mashine za leo una mstari mkali.

Sasa hayo madoa. Wengi huyaona kama ugonjwa, na kwa macho yangu ndiyo sehemu yenye thamani, mradi ni ya kweli. Kioo huoza kuanzia pale unyevu unapoingia: ukingo wa chini, pembe, na nyuma kwa mistari inayofuata nyufa kati ya mbao. Madoa meusi ya chini kama ya kioo chako mara nyingi hutokana na miaka ya kusafishwa kwa maji mengi, yanayoteremka na kujificha kwenye mfereji wa fremu. Kioo kilichozeeshwa kwa asidi huwa na madoa yaliyotawanyika kila mahali kwa usawa, katikati kama pembeni. Ukikuta hivyo, umri ni wa bandia. Ndugu zetu wa Goma wana adui mwingine: gesi za salfa za Nyiragongo. Salfa huifanya fedha kuwa nyeusi, kwa hiyo huko mgongo wa kioo uzibwe vizuri kuliko hapa.

Kuhusu kupaka fedha upya, jibu langu ni hapana. Kazi hiyo huanza kwa kung'oa fedha yote ya zamani, na ikishang'oka hairudi. Dawa yake, nitrati ya fedha iliyochanganywa na amonia, ikiachwa isimame hugeuka kuwa kitu kinacholipuka. Si kazi ya kujaribiwa uani. Zaidi ya hayo, kioo cha zamani chenye fedha mpya hakina tena kile kilichokufanya ulipe zaidi. Kama madoa yanakusumbua kweli, kuna njia mbili. Pale ambapo fedha na rangi yake vimeondoka kabisa, weusi unaouona ni ubao wa nyuma. Weka kati ya kioo na ubao karatasi ya kijivu ya kung'aa isiyo na asidi, bila gundi, na doa litafifia. Au agiza kioo kipya cha milimita 4, kiwekwe kwenye fremu, na kile cha zamani ukifunge kwa karatasi na kukihifadhi kikiwa kimesimama. Siku ya kuuza, utauza vyote viwili.

Fremu nayo ina majibu yake. Dhahabu ya karatasi hubandikwa kwa vipande vya mraba vya sentimita 8 hivi, na ukitazama kwa makini utaona mahali vinapopandiana. Kwenye maua yaliyosuguliwa, chini yake hutokea udongo mwekundu. Rangi ya shaba iliyopakwa kwa brashi haina mistari hiyo, ina chembechembe, na ikizeeka huwa kahawia au kijani. Chini ya dhahabu kuna tabaka la chaki na gundi ya wanyama, ambalo huyeyuka kwa maji. Kitambaa chenye maji kikipita juu yake, dhahabu inaondoka na kitambaa. Iondolee vumbi kwa brashi laini, basi.

Angalia pia kama mbao zimebunguliwa. Matundu ya milimita 1 hadi 2 peke yake si tatizo. Unga mweupe mpya unaodondoka ukigonga ndio dalili kwamba wadudu wako hai. Kabla fremu hiyo haijaingia ndani kwako, ipakwe dawa yenye permethrin kwenye mbao tupu za nyuma, si upande wa dhahabu. Mwisho, hakikisha kuna nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya kioo na mbao. Mbao hunywa unyevu wa mvua zetu na kuvimba, na kioo kilichobanwa hupasuka kikianzia pembeni.

Bafuni, hapana kabisa. Mvuke utaendeleza weusi huo hadi katikati. Huo ubishi na mume wako umeshinda. Saloni nako chagua ukuta: usiwe ukuta wa nje unaopigwa na mvua, usiwe karibu na babula (jiko la makaa), wala usipigwe na jua moja kwa moja. Ukuta ulio pembeni ya dirisha la upande wa ziwa hufaa kuliko ule unaolitazama, maana huleta mwanga ndani bila kukuchoma macho. Katikati ya kioo ikae kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Kama ni juu ya kabati, acha sentimita 15 hadi 20.

Uzito unahesabika. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita mraba na kila milimita ya unene. Chako kikiwa cha milimita 6, bapa la kioo pekee ni kilo 16. Ukiongeza fremu na ubao, chukulia 25. Usitumie waya mmoja uliolala: ukiwa na mshazari wa digrii 30 tu, kila upande wa waya unavutwa kwa uzito wote wa kioo. Funga pete mbili za chuma kwenye nguzo za fremu, theluthi moja kutoka juu, na kila moja ikae kwenye ndoano yake. Toboa tundu la milimita 8, kina cha sentimita 6 hadi 7, ndani ya tofali na si kwenye udongo wa kuunganishia, bila kuwasha nyundo ya mashine kama tofali ni laini. Chomeka plagi ya plastiki, kisha skrubu. Kila ndoano iweze kubeba kioo chote peke yake. Kama ukuta ni wa mbao nyembamba, skrubu ziingie kwenye nguzo, au kioo kisimame juu ya kabati na juu kifungwe tu. Bandika vipande vya mpira vya milimita 5 hadi 10 nyuma ya pembe nne ili hewa ipite.

Na kwa kuwa ardhi yetu hutikisika (wengi wanakumbuka tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9), tumia ndoano zilizofungwa, zuia pembe za chini kwa vipande viwili vya chuma, na usikitundike juu ya kiti wala kitanda.

Kusafisha: lowesha kitambaa, usinyunyizie kioo. Maji safi na pombe kidogo yanatosha. Siki na amonia hapana, na acha sentimita 2 za ukingo wa chini zikauke bila kuguswa.

Siku ya kukichukua, kisafirishwe kikiwa kimesimama wima, kamwe kisilazwe, maana bapa la ukubwa huo hujipinda kwenye mashimo ya barabara na kupasuka. Weka kadibodi pande zote mbili, blanketi chini, kamba inayobana fremu na si kioo, na watu wawili nyuma ya gari wakikishika.