Kabla hujanunua diski nyepesi za breki: diski ya mbele haikondeshwi

Usizinunue. Umeuliza kama uondoe diski zako zenye kipenyo cha milimita 160 na kuweka zile ndogo za milimita 140, mbele na nyuma, ili baiskeli yako ya barabarani ipungue uzito kabla ya safari ya milimani; kama diski ifungwe kwenye gurudumu kwa mfumo wa Center Lock (pete moja ya katikati) au wa bolti sita; na pedi zipi ziende nazo. Nimeisoma orodha ya vifaa unavyotaka kuagiza, na ukiondoa rangi, ni ileile niliyoagiza mimi. Ndiyo maana sitaanza kwa kukupongeza kama walivyofanya waliotangulia kujibu.

Muuzaji aliyenihudumia alinieleza, kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kushuka mlima akiwa juu ya baiskeli, kwamba gramu moja inayozunguka ni sawa na gramu mbili zisizozunguka, na kwamba nikipunguza gramu 40 kila gurudumu nitakuwa nimepata nafuu ya gramu 160. Kanuni hiyo inakaribia ukweli kwa tairi na ringi, kwa sababu viko ukingoni mwa gurudumu. Diski imefungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukingo wake wa nje uko milimita 80 tu kutoka katikati, ilhali tairi liko kwenye milimita 340 hivi, na kwa kuwa athari ya mzunguko hufuata mraba wa umbali huo, gramu 40 zilizotolewa kwenye diski zina uzito wa gramu 42 hivi unapoongeza mwendo, wala si 80. Tena hapo nimezungumzia kuongeza mwendo tu, kwani ukipanda mlima kwa kasi isiyobadilika, gramu ni gramu, izunguke isizunguke. Ukimwaga funda mbili za maji kabla ya kuanza kupanda, utakuwa umepata nafuu hiyohiyo bila kugusa breki. Nasema ukimwaga, maana ukiyanywa bado unayabeba.

Jambo ambalo hakuligusa kabisa ni joto, na joto ndilo kazi nzima ya diski. Breki haiufuti mwendo, bali huugeuza kuwa joto, na joto hilo lazima likae mahali fulani hadi upepo uliondoe. Chukua mwendeshaji ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 80, akisimama kutoka kilomita 50 kwa saa: hiyo ni nishati ya takriban kilojuli 7.7. Chuma cha diski huhitaji karibu nusu juli kupandisha gramu moja kwa nyuzi moja. Kama joto hilo lote lingeingia kwenye diski moja ya gramu 110, ingepanda kwa nyuzi 140 hivi. Kwenye diski ya gramu 70, ingepanda kwa nyuzi 220. Huko ni kusimama mara moja tu. Sasa shuka mlima wenye kimo cha mita 500, na nishati unayotakiwa kuipoteza inakaribia kilojuli 390. Ukishuka kwa kasi ya wastani huku umebana breki muda wote, upepo unakusaidia kidogo tu, na sehemu kubwa ya mzigo huo inabaki kwenye vipande viwili vya chuma ambavyo wewe umelipa ziada ili viwe vidogo.

Hivyo ndivyo nilivyoshuka mimi, nikiwa na diski ya milimita 140 mbele, iliyotobolewa matundu mengi kiasi kwamba nilijiuliza pedi zitashika wapi, na mkono wangu ukiwa umebana breki kidogo kidogo bila kuachia, kwa sababu nilidhani huo ndio uangalifu. Kwanza nilisikia harufu ya kuungua, na kwa ujinga wangu nikadhani inatoka kwenye gari lililokuwa mbele. Kisha mkono wa breki ukaanza kwenda mbali zaidi kila nilipoubana. Mwishoni ulifika hadi kwenye usukani bila upinzani wowote. Nilisimama kwa kutumia ukingo wa barabara, njia ambayo ina sifa ya kutohitaji mafuta ya breki wala pedi. Ringi ya kaboni ya mbele ilipasuka, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ikaonekana haifai tena, sili za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ziliharibika, pedi ziling'aa kama vigae, diski ilipinda na kugeuka rangi ya buluu na zambarau, na mfupa wangu wa mtulinga ukapata ufa. Fundi aliyepokea mabaki hayo alikuwa na adabu ya kutosha kutoniuliza nilikuwa nimeokoa gramu ngapi.

Kilichotokea ndani ni rahisi kukieleza. Diski isiyo na chuma cha kutosha hupata moto haraka, hupitisha joto kwenye pedi, pedi hupitisha kwenye pistoni, na pistoni hupitisha kwenye mafuta. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 5.1 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 260, lakini hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita, na yakishalowa kiwango chao cha chini kabisa hushuka hadi 180. Yale ya madini hayanyonyi maji, ila tone la maji likiingia hutuama sehemu ya chini, yaani kwenye kalipa, pale pale penye moto, nalo huchemka kwa nyuzi 100. Yakishachemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika. Unavuta mkono wa breki na unachobana ni mvuke.

Nilipomrudia muuzaji aliniambia kwamba sikujua kutumia breki. Ni kweli kwamba ni heri kubana kwa nguvu kabla ya kona kisha kuachia kabisa ili diski ipumue, kuliko kuikwaruza muda wote. Hata hivyo, mtu anayemuuzia mgeni wa milima kifaa ambacho ni salama mikononi mwa mtaalamu tu, kisha akamkumbusha utaalamu baada ya ajali, hastahili kuitwa mshauri. Onyo la uzito wa juu wa mwendeshaji lilikuwepo kweli, kwa herufi ndogo, kwenye karatasi iliyokunjwa chini ya diski ndani ya boksi. Na wale wanaojirekodi wakiweka diski juu ya mizani mezani na kushangilia kila gramu inayopungua, ningefurahi siku moja kuwaona wakiipima diski hiyohiyo mwishoni mwa mteremko.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: diski ya mbele haikondeshwi. Unapobana breki uzito wako huhamia mbele, gurudumu la nyuma huwa jepesi, na kazi kubwa hubebwa na breki ya mbele. Milimita 160 inakupa chuma zaidi, eneo kubwa la kupozwa na upepo, na mkono mrefu zaidi wa nguvu, hivyo huhitaji kubana sana ili kupata matokeo yaleyale. Ukiwa na kiu ya gramu, ishushie kwenye gurudumu la nyuma. Baiskeli nyingi za barabarani hutoka kiwandani zikiwa na 160 mbele na 140 nyuma, na mpangilio huo haukuja kwa bahati. Usiniambie kwamba wanariadha wa kulipwa hutumia ndogo, kwa sababu wao wana gari la fundi nyuma yao, barabara iliyofungwa, na mtu mwingine anayelipia vipuri. Na hata wao, UCI, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, hairuhusu baiskeli zao za barabarani zipungue kilo 6.8.

Kama bado unataka kutumia fedha kwenye diski ya mbele, nunua inayotoa joto vizuri badala ya inayopungua uzito. Shimano, kwa mfano, ina diski zenye tabaka la alumini katikati ya tabaka mbili za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu alumini hupitisha joto upesi zaidi. Nazo zina mpaka wake: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo usiitumie diski ya namna hiyo hadi ikonde kupita kiwango. Hapo kuna aina ya pili ya kukonda ambayo watu huisahau, kwani diski mpya ya Shimano huwa na unene wa milimita 1.8, na ikifika 1.5 inatakiwa kutupwa, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Pedi: diski ikiandikwa kwamba ni ya pedi za resini pekee, usiiwekee za metali, maana ni ngumu kuliko uso wake na zitaula. Kuhusu Center Lock na bolti sita, habu yako imekwisha kukuchagulia.

Kabla hujalipa, pima unene wa diski ulizonazo sasa kwa kipimo cha vania, sehemu kadhaa za mzunguko, kisha uandike hapa vipimo hivyo, uzito wako ukiwa na baiskeli na mizigo, ukubwa wa diski unaoruhusiwa na mtengenezaji wa foku yako, na mara ya mwisho mafuta ya breki yalipobadilishwa. Ukinionyesha hayo, ya nyuma tunaweza kuijadili hata leo.