Dada usimkatishe mtoto dawa za kifafa, soma hapa kwanza

Salamu baadaye dada yangu. Umeandika binti yako ana miaka 14, anatumia fenobabitoni ya hospitali, ana miezi tisa hajaanguka, na sasa kuna mtaalamu wa mitishamba kakwambia umkatishe vidonge kabla hajaanza dozi yake ili "dawa zisigongane". Ukauliza kuna aliyetumia akapona, aende bweni au asiende, na vyakula gani aepuke. Mimi nimeganda hapo kwenye kukatisha, maana hayo maneno ya dawa kugongana nishayasikia sebuleni kwetu, neno kwa neno.

Mdogo wangu alianza kuanguka akiwa shule ya msingi. Tulizunguka kote kule unakokujua, maombi, hirizi, kufukizwa, mwisho tukafika kliniki ya afya ya akili ya wilaya (ndo kifafa kinakotibiwa sehemu nyingi hapa kwetu, na ndo maana watu wanaona aibu kwenda), akapewa fenobabitoni ameze kila usiku na akatulia. Akatulia kweli, akafaulu, akaenda sekondari, akawa anaongoza hesabu. Sasa kifafa kina mtego mmoja, dawa ikifanya kazi vizuri nyumba nzima inaanza kuamini ugonjwa umeisha na kinachobaki ni kidonge tu kinachomchosha mtoto bure. Hapo ndo akatokea yule bwana, koti jeupe, picha za ini na figo ukutani, akamwambia mama kwamba vya hospitali "vinatuliza tu, havitibu", vinaharibu ini, mtoto aache leo leo damu isafishike. Mama akauza mbuzi wake akalipa dozi nzima.

Wiki haikuisha. Alfajiri dogo akaanguka, akalegea kidogo, kabla hajarudisha fahamu akaanguka tena, halafu tena, yaani hakuna katikati ambapo alifumbua macho akatuona. Tukampigia yule bwana, unajua alisemaje? "Hiyo ni sumu inatoka, msimpeleke hospitali mtaharibu." Na sisi tukakaa pale tunasubiri sumu itoke!!! Jirani mmoja anakuja na kijiko anataka kumpanua meno, mwingine anawasha kiberiti puani, wengine wamesimama mbali wanaogopa povu eti linaambukiza, na kila dakika iliyokuwa inapita ilikuwa inakula ubongo wa mtoto. Tulipopata gari kulishakucha kabisa. Hospitali wakamchoma dawa ya mshipa, degedege likakata, ila siku alizokaa kule alikuwa hatujui majina. Amerudi nyumbani anaongea, anacheka, anafuga kuku na anafuga vizuri, lakini zile hesabu hazikurudi aisee. Unamwelekeza kitu asubuhi, mchana kimefutika. Hiyo ndo bei tuliyolipa, mbuzi ni wa kujumlishia tu.

Sasa nikueleze ni nini kilitokea, maana daktari alikaa na mimi akanieleza taratibu na nikasoma sana baadaye. Seli za ubongo zinaongea kwa umeme, na kwenye kifafa kundi kubwa linafyatua kwa pamoja kupita kiasi, mwili unakakamaa na kutupatupa. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza huo umeme, inaitwa GABA, na fenobabitoni inaiongezea nguvu. Ukiimeza kila siku kwa miezi na miezi ubongo unaizoea, unapunguza utulizaji wake wenyewe kwa sababu kidonge kipo. Ukiondoa kidonge ghafla ni sawa na kung'oa breki kwenye lori la mizigo linaloteremka mlima Kitonga. Kinachokuja kinaweza kuwa kibaya kuliko kilichokuwepo kabla hata hajaanza dawa, degedege linaungana na degedege. Likizidi dakika 5 ni dharura, hapo ni kukimbia hospitali, na likifika dakika 30 ubongo unaweza kuumia kwa namna isiyorudi. Sisi tulikuwa tumekaa tunasubiri sumu.

Na hili la "vinatuliza tu, havitibu" ndo linaniuma zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli, na ndo maana linaingia. Ndio, vidonge vinazuia degedege, havifuti chanzo, kiwe malaria iliyopanda kichwani, shida wakati wa kuzaliwa, ajali ya kichwa au viluwiluwi vya minyoo ya nguruwe vilivyofika kwenye ubongo. Dawa za presha nazo hazifuti presha, mbona hatuwaambii wazee wazitupe? Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Hiyo fenobabitoni inatumika kwa kifafa tangu 1912 na ni ya bei rahisi. Pale Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa watu waliokuwa wametengwa, wengine wana makovu ya kuangukia moto, na wengi wao hali ikabadilika kwa vidonge hivihivi. Mtu asikudharaulie kidonge chako.

Umeuliza kuna aliyepona kwa hizo dawa. Watakuja kukushuhudia tu, usijali. Kifafa kina vipindi, kinakaza halafu kinalegea chenyewe, na kuna watoto wanakua kinawaacha kabisa, sasa chochote alichokuwa anakunywa wakati huo ndo kinapewa sifa. Walioangukia jikoni hawaitwi kushuhudia. Mama yangu hakuitwa, na alipoenda kudai hela yake kibanda kilishahama.

Sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: KIDONGE CHA KIFAFA HAKIKATISHWI GHAFLA. Hata kama hajaanguka miezi tisa. Hata kama mchungaji kasema amefunguliwa, mwache aombewe huku anameza. Kuacha kupo, ila anaamua daktari, mara nyingi baada ya angalau miaka miwili bila kuanguka, na dozi inashushwa kidogokidogo kwa miezi. Kama zinamlegeza au anasinzia darasani sema kliniki, dozi inarekebishwa au anabadilishiwa. Halafu dawa kuisha zahanati nako ni kukatisha ghafla, ubongo haujui kama uliamua au duka lilikuwa tupu, kwa hiyo usisubiri kibakie kimoja ndo uanze kutafuta.

Bweni akienda, matroni ajue, alale kitanda cha chini, asikeshe maana kukosa usingizi kunachokoza degedege, na wenzake wafundishwe: wamlaze ubavu, waweke kitu laini chini ya kichwa, wasimbane, wasimtie chochote mdomoni, waangalie saa. Povu haliambukizi, wala mkojo wala hewa, waambie wazi kabisa maana watoto wanakimbia mwenzao anabaki peke yake sakafuni.

Huyo mtaalamu akikupigia tena muulize swali moja tu, mtoto akianza kuanguka mfululizo usiku wa manane yeye ana sindano gani na gari gani. Kesho asubuhi beba kopo la vidonge na kadi yake uende kliniki ukawaambie ulichoshauriwa, hawatakugombeza, na wakikugombeza vumilia. Usiku wa leo mpe kidonge chake saa ileile ya siku zote.