Muuguzi anaweza kutibu bila daktari kwenye jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia?
Ndiyo. Katika zahanati nyingi zilizo mbali katikati ya Australia hakuna daktari anayeishi hapo, hivyo muuguzi humpima mgonjwa na kumwanzishia dawa kwa kufuata mwongozo wa matibabu wa CARPA (chama cha wahudumu wa afya wa vijijini katikati ya Australia), akisaidiwa na mhudumu wa afya Mwaborijini anayeijua lugha ya mgonjwa, na hali ikizidi humpigia daktari simu na ndege ya wagonjwa huitwa. Jambo moja usilipuuze: baada ya muuguzi Gayle Woodford kuuawa mwaka 2016, jimbo la Australia Kusini lilitunga sheria ya kuzuia wauguzi wa maeneo hayo kuitikia wito wa usiku peke yao, kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba popote pale, uliza ni nani atakayefuatana nawe.