Shangazi, mwanaume kununua nyumba iliyokwisha jengwa ni aibu?

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora, miaka 41, nina mke na watoto watatu, tumepanga Isevya vyumba viwili na sebule. Mwaka 2016 nilinunua kiwanja Kalunde, nikajenga mpaka kwenye lenta, hela ikakata, mpaka leo ni pagala. Sasa kuna jamaa anajenga nyumba za kuuza upande wa Ipuli, nimeona moja mpya kabisa, vyumba vitatu kimoja masta, taili, jipsamu, bati la msauzi, anataka milioni 65. Mke wangu kaipenda, anataka tuhamie kabla shule hazijafungua Januari. Nikichukua mkopo wa mshahara, nikichanganya na akiba ya SACCOS na nikauza lile pagala kwa mwalimu mwenzangu, inafika. Mke hajui kama nataka kuuza Kalunde, anadhani mkopo na akiba vinatosha. Muuzaji anataka advansi milioni 10 kabla mwezi haujaisha, anasema kuna mteja anatoka Dar. Tatizo ni baba mdogo, ambaye ndo kanilea, kasema mbele ya ndugu kwamba mwanaume anajenga, hanunui nyumba ya mtu. Toka siku hiyo silali. Ninunue au niendelee na pagala? – Mwalimu wa Isevya"

Marahaba mwanangu. Yaani nimesoma nikacheka kidogo, unisamehe. Baba mdogo ndo anakukosesha usingizi, ila milioni 10 ya kumpa mtu ambaye hujaniambia hata kama hati yake umeiona kwa macho, hiyo unalala nayo vizuri tu.

Tumalizane na aibu maana haina mambo mengi. Wazee wetu wa huku walijenga kwa sababu njia ilikuwa hiyohiyo, unafyatua tofali zako hapohapo kiwanjani, unachoma tanuri, ndugu wanakuja kusaidia, bati unanunua kidogo kidogo, unahamia nyumba haina hata milango ya ndani mnaziba na kanga, maisha yanaenda. Nyumba ya kununua haikuwepo hata kama angeitaka. Sa wewe usibishane nae, wala usimkwepe, mpe kazi. Mwambie baba naomba uwe shahidi wangu kwenye mkataba, na siku ya kuikagua hiyo nyumba twende wote. Mzee aliyechoma tofali zake mwenyewe anaonaga vitu ambavyo wewe na mama watoto mkishaona taili zinang'aa hamvioni kabisa. Na akishakuwa shahidi hawezi tena kukusema kwa ndugu, atakuwa anasema "nyumba tuliyonunua". Wazee nawajua mimi.

Halafu huyo mteja wa kutoka Dar. Huyo mteja yupo safarini toka enzi na enzi na hajawahi kufika. Toka hii reli ya kisasa ianze kuletwa huku kwetu, kila kiwanja mjini hapa kinauzwa kwa sababu "kipo karibu na stesheni", hata vile ambavyo ukitoka huko mpaka stesheni bodaboda anakuangalia mara mbili kabla hajakutajia bei. Dalali akikuharakisha wewe punguza mwendo, mtu mwenye nyumba safi na karatasi safi haogopi wiki mbili.

Hizo wiki mbili unazifanyia nini? Unaomba kopi ya hati au ofa (ile barua ya kumilikishwa kiwanja), unaenda nayo ofisi ya ardhi unafanya search, unalipia unapewa jibu la maandishi, usikubali la mdomo. Pale utajua kiwanja ni cha nani kweli, hati ina miaka mingapi na imebaki mingapi, kama imewekwa rehani benki, kama kuna mtu kaweka zuio. Hawa wanaojenga kuuza wengine wanajengaga kwa hela ya mkopo na hati ipo benki imelala, nyumba unauziwa wewe na benki nayo inaisubiri. Wengine kiwanja bado kina jina la mzee aliyewauzia na mzee kashafariki, watoto wake hawajui chochote. Akikwambia hati "ipo kwenye mchakato", mwambie sawa, na hela yangu ipo kwenye mchakato.

Barua ya serikali ya mtaa ni nzuri, muhuri wa mwenyekiti ni mzuri, lakini hivo havihamishi umiliki hata kidogo, usije ukadhani umemaliza. Pitia na manispaa kwa watu wa mipango miji uulize kama hapo ni pa makazi, kama kuna kibali cha ujenzi, na kama hakuna barabara inayopita hapo kwenye ramani. Barabara kuu na za mkoa hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ile X nyekundu ukishaiona ukutani ujue hapo hakuna fidia, heri ya kijani, hiyo ina fidia. Rangi mpya inafichaga mengi mwanangu, hata X inafunikwa. Na kama muuzaji ana mke, sahihi ya mke wake uipate. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzie. Atakwambia hii sio ya familia, hii ni biashara. Sawa, ila sahihi tunaiomba vilevile, haiumi.

Sasa nyumba yenyewe, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu neno "mpya kabisa" umelisema kwa furaha mno. Nyumba mpya maana yake haijawahi kunyeshewa. Haijawahi kupikiwa, haijawahi kuogwa na watu watano asubuhi moja. Kasoro zote bado zimo ndani zimekaa kimya na hakuna anayekupa waranti kama ya friji. Kwa hiyo tafuta fundi wako, umlipe wewe, asiwe aliyeijenga wala wa kuletwa na dalali.

Nendeni na tochi na ngazi. Kwenye jipsamu kuna ule mlango mdogo wa kupandia darini, kama hawakuweka waambie wafungue sehemu, wakikataa umeshapata jibu lako. Huko juu hakuna plasta, hakuna rangi, hakuna mtu aliyehangaika kupapamba maana hawategemei mnunuzi atapanda. Muache fundi amulike kuta pale zinapokutana na mbao: tofali zimeunganishwa na saruji au na udongo? Hapa kwetu nyumba nyingi za tofali za kuchoma zinajengwa kwa udongo, halafu nje inapigwa plasta, inapigwa skimu, inapakwa rangi ya bei, ukiwa chini hutofautishi. Sisemi ya udongo inaanguka, zipo zimekaa miaka na miaka, ila haiuzwi milioni 65 kwa bei ya saruji. Hukohuko juu aangalie mbao zenyewe kama zina dawa, unajua mwenyewe mchwa wa Tabora, hawangojagi nyumba izeeke, ukiona vile vinjia vya udongo vinapanda kwenye kuta kuelekea kwenye kenchi basi teremka na mkae kwenye kivuli muongee bei upya au muage. Na bati aulize geji, yaani unene wake, maana la msauzi ni muundo tu, linaweza kuwa msauzi na likawa jepesi kiasi kwamba fundi akilikanyaga linabonyea.

Mkishuka, chukua shilingi mia mbili ugonge taili moja moja, zile zinazolia tupu chini yake hakuna saruji, zitaanza kupasuka mkishaingiza kabati. Kwangua plasta na ufunguo nyuma ya mlango ambako hakuna atakayekasirika, mchanga ukimwagika wenyewe saruji waliibania. Nyufa nyembamba za juu juu kwenye plasta zisikutishe. Utishike na ule ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha unashuka kwa mshazari, hasa ukikuta ukuta huo peke yake umepakwa rangi jana, huo mara nyingi unatoka kwenye msingi. Fungua bomba zote kwa pamoja. Bomba zinaweza kuwepo nzuri za kung'aa na maji hayajawahi kuunganishwa, kwa hiyo uliza akaunti ya TUWASA, mamlaka yetu ya maji, ina jina la nani, usiambiwe tu maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, yamefika ndio, ila yamefika kwenye hiyo nyumba? Mita ya LUKU ipo au taa zinawaka kwa waya wa kutoka kwa jirani? Mwaga ndoo mbili tatu chooni, toka nje fungua chemba uone kama maji yanapita au yanarudi.

Na ungeniuliza mimi, ningesubiri mvua. Mvua zetu zinaanza Novemba, ikishapiga ile moja kubwa nenda asubuhi yake na viatu vya tope, utaona maji yanasimama wapi, jipsamu imechora ramani wapi, na njia ya kufika hapo inapitika au watoto watakuwa wanaenda shule na viatu mkononi. Majirani nao ongea nao, salimia, nunua hata maandazi, watu wa mtaa hawasemagi vibaya moja kwa moja ila ukiwauliza "hapa mvua inakuwaje" wanakuangaliaga kwa namna fulani.

Ukishafika kwenye mkataba uwe mbele ya wakili, na bei iandikwe ileile mnayolipana. Watakushauri muandike milioni 30 kupunguza kodi. Kataa, kwa sababu kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, wewe mzigo wako ni ushuru wa stempu asilimia 1 na gharama za kuhamisha, sa unamsaidiaje mtu kukwepa kodi yake halafu kesho mkigombana wewe ndo unadai milioni 30 uliyoandika wakati ulitoa 65? Hela ilipwe benki kwa awamu, na awamu ya mwisho, tena iwe nono, ibaki mkononi kwako mpaka hati itoke kwa majina yenu. Nimesema majina yenu, la kwako na la mama watoto.

Na hapo ndo nafika kwenye jambo ulilolipitisha haraka haraka ukidhani shangazi hataona. Unataka kuuza Kalunde na mkeo hajui. Ngoja nikuulize, toka 2016 huyo mama amekaa vyumba viwili na watoto watatu akivumilia kwa sababu gani? Si kwa sababu kuna Kalunde? Nina hakika kabisa katika ule msingi kuna hela yake ya upatu, kuna vitenge ambavyo hakununua, kuna sikukuu mlizokula michembe mkasema mwakani tutakuwa kwetu. Mahakama nayo inaangaliaga mchango wa kila mmoja, hata wa kazi za nyumbani, siku mambo yakiharibika, hivyo na huyo mwalimu mwenzio kama ana akili atataka sahihi ya mkeo kabla hajatoa hata mia. Utapita wapi? Anapenda nyumba ya Ipuli, ndio, ila ameipenda akidhani Kalunde bado ipo. Huenda angejua bei yake kamili angesema mume wangu tuache. Huenda angesema uza leo. Wewe hulijui jibu lake kwa sababu hujamuuliza, na naona unaogopa jibu lake kuliko unavyomuogopa baba mdogo.

Mkae mezani na kalamu, wote wawili. Upande mmoja Ipuli: mkopo wa miaka saba minane, sheria inataka ibaki theluthi moja ya mshahara wako, muone hiyo theluthi italisha watu watano na ada na nauli kweli. Upande wa pili Kalunde: kupaua, madirisha, milango, umeme, maji, choo, plasta ya vyumba viwili tu vya kuanzia, bei zote unazijua wewe maana umejenga, unajua nondo, unajua mfuko wa saruji, sio mgeni. Mnahamia vyumba viwili vyenu vingine mnamalizia mkiwa ndani, watu wengi wa mji huu ndo wanavyoishi na hawajafa.

Mimi nikiwa wewe? Nyumba ya Ipuli ikipita darini, ikapita mvua na ikapita ardhi, na mkeo akasema sawa kwa Kalunde kuondoka, nunueni, wala usiangalie nyuma. Ikifeli hata kimoja katika hivyo, nusu tu ya huo mkopo ipelekeni Kalunde. Ila advansi kabla ya search hapana, hata laki tano, hata akisema ni ya kushikia tu.

Kwa hiyo leo watoto wakishalala unamwambia mama habari ya huyo mwalimu anayetaka pagala, Jumatatu unaomba ruhusa shuleni unawahi ardhi mapema na kitambulisho chako cha NIDA na kopi ya hati, na kama muuzaji hajakupa kopi mpaka Jumatatu basi usihangaike hata kuomba hiyo ruhusa.

Shangazi