Waya Mweusi wa Nchi Gani?

Wadogo zangu mafundi umeme, juzi nilimkuta kijana wetu mmoja katika nyumba ya zamani huko Kirumba, simu ameiegemeza ukutani, anafunga swichi kwenye waya mweusi kwa kuwa video imemwambia kuwa huo ndio laivu, yaani waya unaoleta umeme. Nilimshusha ngazini kwa ukali, na ninataka mjue sababu.

Kwanza, rangi za nyaya. Video ile haikudanganya: ilirekodiwa Marekani, ambako laivu ni mweusi, nyutro (waya wa kurudisha umeme) ni mweupe, na umeme wa nyumbani ni volti 120. Sisi hapa Tanzania tuna volti 230, na nyumba zetu za zamani zilifungwa kwa desturi ya Kiingereza, mwekundu laivu na mweusi nyutro. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilifuata ukurasa wa intaneti wa namna hiyo hiyo. Taa iliwaka, nikalipwa, nikaondoka nimeridhika, kwa maana taa huwaka vilevile hata swichi ikikata nyutro. Kumbe ukiizima, holda ya balbu inabaki na umeme. Wiki chache baadaye mama mwenye nyumba alizima swichi, akapanda stuli abadilishe balbu, akapigwa shoti, akaanguka na kuvunjika mkono. Alikuwa muuza dagaa, na kwa miezi kadhaa hakuweza kuanika. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, si nilizima?" Nilishindwa kumjibu.

Jioni ile nilifungua kitabu alichonipa fundi wangu, ambacho nilikuwa nimekiacha kabatini. Jedwali la rangi lilikuwamo, na ukurasa wa mwanzo ulitaja nchi kilikochapwa, toleo na mwaka. Kitabu nacho huzeeka: hicho changu hakiijui kahawia ya laivu wala buluu ya nyutro, rangi ambazo Uingereza iliziruhusu kwa nyaya za kudumu za majengo mwaka 2004 na kuzifanya za lazima mwaka 2006. Lakini umri wake hakifichi, ilhali video ile haikutaja nchi wala mwaka.

Pili, jaribuni testa mahali mnapojua umeme upo, kabla na baada ya kupima, mjue kwamba testa yenyewe ni nzima.

Tatu, kwa inveta na sola, someni maelekezo ya mtengenezaji mtandaoni, kwa modeli ile ile mliyoishika. Hapo kitabu changu hakiwasaidii.

Kwa mengine yote, kitabu kipo karakana, rafu ya juu. Nawa mikono, kisomee hapo hapo, na usikunje kurasa.