Kabla hujanunua waini ya bei, niambie utaiweka wapi

Kila mwaka ikikaribia Krismasi simu yangu haitulii, rafiki huyu na yule, na wengine wenye restoranti zinazoanza, swali ni lilelile, ndugu nataka nianze kuweka waini nzuri, ninunue gani? Na mimi nawauliza kwanza, utaiweka wapi? Wanadhani nawazungusha. Hapana jamani. Nimefanya kazi ya baa na restoranti hapa Kampala miaka kumi na moja sasa, na chupa nilizoziona zimeuliwa na joto ni nyingi kuliko zilizotoka mbovu kwa aliyezitengeneza.

Sehemu ya kwanza niliyopewa umeneja, stoo ya waini ilikua imepakana ukuta na jiko. Mwenye mali alitoa pesa kweli, waini nyekundu, Cabernet Sauvignon za Stellenbosch kule Afrika Kusini, Bordeaux za Ufaransa, tukazisimamisha kwenye shelfu zikapendeza. Miezi minane haijaisha mzee mmoja mteja wetu wa siku nyingi akarudisha glasi, akaniambia kijana, hii imepikwa. Nikaonja. Ilikua kama jemu iliyoungua chini ya sufuria. Nikakimbia stoo, nakuta vizibo vimesukumwa vimechomoza kidogo, chupa zingine shingo inanata kwa waini iliyovuja. Tulimwaga katoni sita na mimi ndiye niliyesimama pale kwenye sinki, chupa moja baada ya nyingine. Siku ile sikuweza kula.

Waini inataka digrii kama 12 mpaka 14, giza, mahali ambapo haitikisiki, na zaidi ya vyote joto lisipande na kushuka ovyo. Kampala mchana ni 27, 28. Sasa kabla ya kununua chochote tafuta themomita ya bei rahisi, iweke sehemu moja ya nyumba siku mbili, uhamishe sehemu nyingine, andika asubuhi na saa tisa mchana. Utashangaa. Kwangu juu ya kabati la jikoni ilifika 31, lakini chini kabisa ya kabati la nguo chumba cha upande wa mashariki, sakafuni, haikuvuka 23 na wala haikuchezacheza. Kwa 23 waini haifi, ila inazeeka mbio, kwa hiyo hapo weka ya kunywa ndani ya miezi sita mpaka mwaka basi. Chupa yenye kizibo cha kawaida cha koki ilaze, kizibo kibaki na unyevu, kikikauka hewa inaingia. Yenye kifuniko cha kuzungusha hata ukiisimamisha hakuna shida, na usiidharau, siku hizi waini nzuri nyingi sana zinafungwa hivo.

Friji ya nyumbani ya chakula? Wiki chache sawa, miezi hapana, ni baridi mno na inakausha vizibo. Ukiwa na uwezo nunua friji ndogo ya waini, lakini usiichomeke moja kwa moja ukutani, weka stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, maana umeme wetu mnaujua wenyewe, ukirudi unarudi kwa nguvu na kompresa inaungua. Ukikatika acha mlango umefungwa, masaa kadhaa hayaiharibu chochote.

Sasa kununua. Waini zetu nyingi zinashukia bandari ya Mombasa alafu zinapanda lori zaidi ya kilomita 1,000 mpaka hapa, ndani ya kontena, juani, mpakani pale zinasubiri. Kwa hiyo dukani usisome lebo tu, shika chupa. Kizibo kimechomoza? Rudisha. Chupa inanata? Rudisha. Waini imeshuka chini ya shingo? Rudisha. Imekaa dirishani jua linaipiga kila jioni? Hata wakikupunguzia nusu bei pita. Na angalia mwaka, Sauvignon Blanc ya kawaida, ile nyeupe, inatakiwa inywewe ikiwa changa, mwaka mmoja, miwili, mitatu, mtu asikwambie kwamba kila waini ikikaa inakua nzuri zaidi, nyingi zinatengenezwa zinywewe mapema. Zinazokua kwa umri ni chache na bei yake inajieleza. Za Afrika Kusini mimi naziamini kwa sababu tangu 1973 wana utaratibu wao, ikiandikwa Wine of Origin Stellenbosch basi zabibu zote zimetoka Stellenbosch.

Alafu nunua kwa chakula unachokula kweli. Muchomo wa mbuzi, yaani nyama choma, unataka nyekundu yenye mwili, nzito mdomoni, Pinotage, Shiraz, au Malbec ya Argentina. Tilapia ya kukaanga na ndimu, mpe nyeupe, Sauvignon Blanc au Chenin Blanc. Luwombo ya kuku, ile inayopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, kwenye binyebwa, mchuzi wa karanga, ndiyo ilinisumbua miaka, nyekundu zote ziligombana na karanga, mpaka siku nilipojaribu Chenin Blanc iliyolala kwenye pipa la mwaloni, aisee, ile mafuta ya karanga ikapata mwenzake. Na kama mezani kuna kamulali nyingi, zile pilipili kali, tafuta Riesling, nyeupe yenye utamu kidogo, maana waini yenye pombe nyingi na pilipili zinachoma pamoja.

Wenye restoranti nawaomba kitu, msiwacheke wateja wanaotaka waini tamu. Ni wengi, wanalipa, weka tamu mbili nzuri na uzitunze kama zile zingine. Anza na aina kumi au kumi na mbili zinazotembea, sio arobaini zinazolala. Chupa ya mililita 750 inakupa glasi tano za 150, ukifungua ukauza mbili tu, zile tatu zina siku tatu mpaka tano ndani ya friji, nyekundu pia, baada ya hapo usimpe mteja. Waandikie weita tarehe ya kufungua kwenye karatasi, gundisha chupani. Na nyekundu isiletwe mezani ya moto, ule usemi wa joto la chumba ni wa nyumba za Ulaya za zamani zenye digrii 16 mpaka 18, sio chumba cha Bugolobi hapa Kampala saa nane mchana, iweke kwenye friji nusu saa kwanza.

Nyumbani mimi nina chupa 26 tu, na daftari, tarehe, bei, nimenunua wapi, tulikula nini. Hazizidi hapo kwa sababu kabati halina nafasi nyingine ya baridi. Zile za kukaa muda mrefu nilizipeleka Kabale, milimani kusini magharibi mwa Uganda, kwa baba mkwe, kule usiku unavaa sweta hata mwezi wa pili, ana chumba cha nyuma cha ukuta mnene kisicho na dirisha. Ni Cabernet sita za 2019, mwaka aliozaliwa binti yetu, ya kwanza tutaifungua akimaliza P7, darasa la mwisho la shule ya msingi. Mzee mwenyewe hanywi kabisa, lakini kila nikimpigia, kabla hata hatujasalimiana vizuri ananiambia, chupa za mjukuu wangu zipo, nimezifunika na gunia.