Gereji ya Wasomaji: Nataka lingurume, si lipige kelele

Neno moja kabla ya majibu. Tukisema sailensa hapa tunamaanisha lile dude la chini ya gari, si ile sailensi, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, ambayo fundi anairekebisha kwenye kabureta. Barua mbili za mwezi huu zimechanganya, na mmoja wa waandishi ameshabadilishiwa kabureta bure.

SWALI: Nina Peugeot 504 saluni ya kabureta, injini ya cc 1,971. Nilitaka mlio mzito, fundi akakata sailensa zote na kuchomelea bomba nyoofu la inchi 2½ mpaka nyuma. Sasa linalia kama bodaboda. Nikifika kilomita 80 kwa saa Barabara ya Bagamoyo, mizunguko ya injini kama 2,700 kwa dakika, kuna mvumo unaoumiza kichwa, na mlimani naona limelegea. Nifanyeje? (Msomaji, Tegeta)

JIBU: Pole sana. Mlio mzito ulikuwemo tangu gari likiwa jipya. Alichofanya fundi ni kuufungulia ule mkali uliokuwa umezibwa, nao ndio unaosikika zaidi.

Moshi unatoka kwenye silinda na milio yote kwa pamoja: kishindo cha kila mlipuko, na juu yake mikwaruzo na miluzi. Sailensa inachagua kipi kipite. Yenye vyumba na kuta ndani ina nguvu zaidi kwa milio mizito. Ile ya kupita moja kwa moja, yaani bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya fiba, inameza mikali na kuuacha mzito upite. Wewe unaitaka hiyo ya pili, tena mbili: ya kwanza chini ya viti vya mbele, mwili wake sentimita 40 hadi 45, na ya pili nyuma, sentimita 30 hadi 35. Ukiona bado inakera majirani, badilisha ya nyuma tu uweke yenye vyumba.

Bomba la inchi 2½ ni kubwa mno kwa injini isiyofika farasi 100. Moshi unapoteza kasi na kupoa njiani, mvuto unaosaidia kusafisha silinda kwenye mizunguko ya chini unapungua, na ndiyo maana mlimani linakusumbua. Rudi kwenye inchi 1¾, au inchi 2 ukipenda. Usizidi hapo.

Ukienda kununua mtaa wa Gerezani, usikubali sailensa kwa kuangalia rangi yake. Inyanyue uelekeze kwenye mwanga, uchungulie: uone upande wa pili, na ukutani uone matundu. Chukua waya mwembamba uchomeke kwenye tundu moja. Ukigusa kitu laini kinachorudisha waya, pamba imo. Waya ukizama mpaka kwenye bati, umeuziwa debe. Igonge na kifundo cha kidole pia. Yenye pamba inatoa mlio uliokufa, tupu inalia kama karai.

Bomba liwe la unene wa milimita 1.5. Kona zikunjwe kwa mashine au ziungwe kwa vipande vya kona vilivyokwisha kukunjwa. Bomba likikunjwa kwa kupashwa moto na nyundo, linabonyea kwa ndani, na bomba la inchi 2 lililobonyea konani linapitisha moshi kama la inchi 1½. Kazi yote ya kupima ifanyike gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake: unashikiza kila kiungo kwa doti tatu ndogo za kuchomelea, unashusha mfumo mzima, unamalizia kuchomelea chini. Betri ifunguliwe kwanza, na mtu asichomelee chochote karibu na tangi la mafuta. Vijiti vya milimita 2.5 ambavyo mafundi wengi wanavyo ni vya moto mno kwa bati hili, vinatoboa. Tumia vya milimita 2 kwa ampea 45 hadi 60, au mashine ya waya ya MIG, waya wa 0.8.

Acha nafasi ya milimita 25 kati ya bomba na bodi, na zaidi ya hapo kwenye bomba la petroli na waya wa breki ya mkono. Ning'iniza kwa raba, usichomelee chuma kwa chuma. Tunaona magari mengi ambayo ekzosi imefungwa kwa nondo kwenye chasisi. Hapo bodi nzima inakuwa spika. Mwisho wa bomba utokeze nje ya bampa sentimita 3 hadi 5. Ukiishia chini ya buti, moshi unavutwa ndani ya gari, na ile sumu yake haina harufu.

Sasa mvumo. Injini ya silinda nne inalipua mara mbili kila mzunguko. Mizunguko 2,700 kwa dakika ni 45 kwa sekunde, kwa hiyo milipuko ni 90 kwa sekunde, na bodi yako inaitikia mtetemo huo. Huenda ukaisha ukishaweka sailensa mbili na bomba la kipimo chake, kwa hiyo usikimbilie tiba kabla ya kusikiliza. Ukibaki, chomelea tawi la pembeni kati ya sailensa ya mbele na ya nyuma: bomba la upana uleule, limezibwa mwisho. Mlio unaingia, unagonga kizibo, unarudi kinyume na ule unaopita, vinauana. Urefu wake ni robo ya wimbi. Ndani ya tawi lenye moshi wa moto, chukua kasi ya sauti kuwa mita 430 kwa sekunde. Gawanya kwa 90, kisha kwa 4, unapata kama mita 1.19. Anza na mita 1.25, kizibo ukishikize kwa doti tu, ukajaribu barabarani. Ukimya ukiwa umeangukia mizunguko ya chini ya 2,700 huku mvumo wa 2,700 bado unausikia, basi kata sentimita 2 na urudie. Fupi zaidi inaua mvumo wa mizunguko ya juu zaidi. Tawi unaweza kulikunja lifuate bomba kuu ili lisikwaruze matuta.

Ukimaliza, chomoa plagi ukazitazame baada ya kuendesha kilomita 20. Zikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na kabureta irekebishwe. Na kama unataka kujua umepata nini, pima kwa simu kabla na baada: nusu mita kutoka mdomo wa bomba, pembeni kwa nyuzi 45, mizunguko ileile. Usiiamini namba yenyewe, angalia tofauti tu.

SWALI: Shikamooni. Land Rover langu Series III la petroli asubuhi linalia tik-tik-tik upande wa manifodi, likipata moto linanyamaza. Fundi anasema ni tapeti. (Mzee, Kimara)

JIBU: Marahaba hatuistahili, shikamoo wewe mzee. Tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali, hazinyamazi hivyo. Hiyo ni manifodi, lile bomba la matawi linalotoa moshi kwenye injini, inayovuja: chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba upenyo. Hakikisha kwa mpira wa maji wa mita moja, upande mmoja sikioni, mwingine unaupitisha kando ya gasketi injini ikiwa baridi. Palipovuja huwa na masizi meusi pia.

Zipulizie stadi zote, zile bolti zisizo na kichwa, mafuta ya kulegeza kutu jioni, zifunguliwe asubuhi. Nati ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze. Stadi ikikatikia kwenye kichwa cha injini, gharama inabadilika kabisa. Weka rula ya chuma kwenye uso wa manifodi. Fila geji, kile kibati cha kupimia upenyo, ya milimita 0.2 ikipita chini yake, ipelekwe kwa fundi wa mashine isawazishwe, kwa sababu gasketi mpya juu ya manifodi iliyopinda haimalizi mwezi.

Kwenye injini hii ya lita 2.25, manifodi ya kuingiza na ya kutoa zimefungwa pamoja. Wengi wanakosea hapa. Bolti zinazoziunganisha ziachwe zimelegea mpaka manifodi zote mbili zimekazwa kwenye kichwa, kuanzia katikati kwenda pembeni, ndipo hizo zikazwe za mwisho. Ukizikaza mapema, moja itakaa upande. Washa mpaka ipate moto, iache ipoe kabisa, kisha kaza tena. Nati ziwe za shaba.

SWALI: Volkswagen yangu, mgongo wa chura, imepoteza ule mluzi wake tangu iwekewe ekzosi ya bomba moja kubwa, na nikiachia resi inapiga mabomu. (Dada wa Magomeni)

JIBU: Mluzi unatoka kwenye vile vibomba viwili vyembamba vya nyuma, ambavyo vina bomba jingine ndani yake. Rudisha sailensa ya kawaida na vibomba vyenye hicho cha ndani. Vinavyouzwa vikiwa vitupu vinafanana kwa macho tu.

Mabomu, dada, ni hewa inayoingia njiani na kuunguza petroli iliyobaki. Silinda ya 2 na ya 4 zimefungwa moja kwa moja kwenye sailensa kwa flenji, ya 1 na ya 3 zinapitia kwenye maboksi ya hita kisha klampu. Badilisha gasketi na pete za sehemu zote nne. Kagua na maboksi yenyewe. Dar hatuwashi hita, lakini vifuniko vyake vikiganda kwa kutu vikiwa wazi, boksi lililotoboka linakuletea moshi miguuni.

SWALI: Pamba ya sailensa ikiisha, naweza kujaza stiliwaya la kusugulia sufuria? (Buguruni)

JIBU: Linaungua na kupeperuka nje kwa mwendo wa wiki chache. Tafuta pamba ya fiba ya ekzosi, ishindiliwe kwa kiasi. Ikibanwa sana haimezi mlio.

SWALI: Niko Kigamboni, sailensa hazimalizi miaka miwili. Nitumie bomba la maji? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Hapana. Ni zito, raba zinakatika, na zinki yake ikichomelewa inatoa moshi unaomwachia fundi homa usiku kucha. Chumvi ya bahari ina lawama, lakini kutu nyingi inaanzia ndani: kila lita ya petroli inayoungua inatoa takriban lita moja ya maji, na safari fupi ya kwenda kivukoni haiyakaushi. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya kila sailensa yenye vyumba. Ukiweza, nunua chuma cha pua cha 304, na uende dukani na sumaku mfukoni: ikinata kwa nguvu, si yenyewe.